Mlango Uliopelekwa Mahakamani

Mkwe wangu alikamatwa mchana kweupe, kwenye geti la kiwanda, mzigo wa mabanzi begani, huku akimjulia hali mlinzi aliyekuwa anamkamata. "Watoto hawajambo?" aliuliza, na mlinzi akajibu, "Hawajambo, Baba Mapacha. Tua mzigo, umekamatwa." Mkwe wangu akacheka. Alidhani ni utani wa Jumamosi. Akatua mzigo akiwa bado anacheka, na waliokuwapo wanasema alibaki na tabasamu lile usoni mpaka gari la polisi lilipofika.

Kiwandani wanamwita Nane. Kiwanda ni cha mbao, naye ni mpasuaji, mtu wa msumeno mkubwa. Alizaliwa na vidole kumi kama mimi na wewe, ila msumeno ule haukuwa na kinga, ukala viwili vya mkono wa kushoto, na wenzake badala ya kumlilia wakampa jina. Watu wa mbao kwa utani ni wabaya mno. Siku ile ya vidole halikuja gari la polisi. Msimamizi alikuja na kitambaa, akamfunga, akamwambia apumzike mpaka kidonda kikauke, na msumeno ukaendelea kuzunguka na mtu mwingine.

Sasa mabanzi, kwa asiyejua: gogo huchunwa gamba, likaingizwa kwenye msumeno, ubao mzuri ukatoka katikati. Pembeni hubaki vile vipande vyenye mgongo wa mti upande mmoja, vimepinda, huwezi kutengenezea hata kijikabati. Tangu enzi za mzee mwenye kiwanda, Jumamosi king'ora kikilia, kila mfanyakazi alibeba begani anachoweza na kutoka nacho getini kwenda kwake. "Chukueni," mzee yule alikuwa akisema, "mnaniondolea takataka." Mtaa wetu wote umesimama kwa takataka zake. Kuta ni mabanzi, vitanda mabanzi, mabanda ya kuku mabanzi, na tuliozika bila uwezo tuliwazika wafu wetu ndani ya mabanzi. Mtu akihamia kwetu haulizwi ana nini. Anaulizwa ana nani kiwandani.

Mzee akafa, akashika mwanawe. Mwana akaleta mashine ya kusaga mabanzi kuwa chenga, na chenga zikagandishwa kuwa mbao za makabati ya watu. Basi takataka ikawa mali. Tangazo lilibandikwa penye ofisi, upande ambao wapasuaji hawapiti kwa kuwa wakipita na vumbi lao wanafukuzwa. Na hata kama Nane angelisoma, angedhani linawahusu wezi.

Jioni ile ile mlinzi alikuja kwetu. Ni kijana wa mtaa, nimemwogesha kwa mikono yangu hii akiwa mchanga, na nyumba yake iko ya tatu kutoka kwetu. Alisimama nje.

"Hodi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia."

"Hapa hapa panatosha."

"Panatosha nini? Unaogopa ukuta? Huu na wa kwako ni ndugu, tumbo moja."

"Bibi, usinisimange. Waliniambia Jumamosi hii lazima apatikane mtu. Wa kwanza kutoka, ndiye huyo."

"Ungemkonyeza."

"Msimamizi alikuwa ananipumulia kisogoni, Bibi! Ningekonyeza kwa jicho gani? Nikimwachia yeye, naondoka mimi. Na mke wangu unamjua tumbo lilipofikia."

Nilikuwa namjua. Hasira zilinijia, zikakosa pa kukaa. "Kitendawili," nikamwambia.

"Aah, Bibi, si saa yake."

"Kitendawili!"

Akashusha pumzi. "Tega."

"Mla mti mzima huvutiwa kiti, mla makombo hufungwa kamba."

Alitazama chini, akachora chora mchanga kwa ncha ya buti. "Nimeshindwa, Bibi. Nikupe mji."

"Mji gani unao wewe? Wewe mwenyewe unalinda mji wa mtu."

Akaenda zake. Binti yangu, Mama Mapacha, alikuwa ndani anawalisha watoto na hakutoka kumwona. Alisema tu, "Mama, umemwonea." Labda.

Kesho yake tulikwenda kituoni. Askari wa zamu alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakutufokea. "Mwambieni akiri," alisema. "Akifikishwa kwa hakimu aseme kweli nimekosa. Ni kosa la kwanza, atapewa kifungo cha nje, jioni anakula na watoto wake. Akibisha, atakaa rumande mpaka shauri lisikilizwe, na mashauri yenyewe mnayaona," akaonyesha mafaili yaliyopangwa mpaka dirishani, jua limeyababua.

"Na dhamana?" binti yangu akauliza.

"Mlete mtu mwenye nyumba yenye hati."

Tukatazamana. Kwetu nyumba zipo. Hati ndiyo hatujawahi kuiona, hata kwa picha.

Nane aliletwa nyuma ya wavu. Aliponiona mimi mama mkwe wake akainamisha kichwa, maana hakuwa na mkanda na suruali alikuwa ameishika kwa mkono. Nikageuka kutazama ukutani ili asione haya kuongea na mkewe. Lakini masikio hayageuki.

"Sema umekosa, Baba Mapacha, twende nyumbani."

"Nimekosa nini?"

"Sema tu. Neno halivunji mfupa."

"Hili linavunja. Nikisema haya ya Jumamosi niliiba, zile Jumamosi nyingine nilikuwa nafanya nini? Kitanda walichozaliwa wale watoto je? Watakuja kuniuliza, baba, tulizaliwa kwenye kitu cha wizi?"

"Watoto wanauliza utarudi lini. Hilo ndilo wanalouliza."

Nane akanigeukia, akasema kwa sauti ya heshima, "Mama, nisamehe, nabishana na mwanao mbele yako." Nikamwambia ukuta kwamba hakuna ubaya.

Mbele ya hakimu alisema si kweli, akarudishwa rumande. Na rumande ilikuwa kama yule askari alivyosema. Binti yangu alianza kufulia watu. Mapacha, mmoja akaanza kukojoa kitandani na mwingine akaacha kula mpaka aone baba, kisha akasahau na kula, na kule kusahau kukaniuma zaidi. Shauri lilipangwa, likaahirishwa kwa kuwa hakimu yuko semina. Likapangwa tena, gari la mahabusu likaharibika. Ukienda mahakamani unarudi na vumbi tu.

Aliyekuwa anatusindikiza kila safari ni Bwana Tabaka. Ni mpasuaji mstaafu, aliyewahi kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wakati chama kilikuwa na meno, na jina hilo alipewa kwa sababu hawezi kumaliza chai bila kulitaja neno lenyewe. Mvua ikinyesha ni suala la tabaka, kwani wengine wana mifereji. Tulizoea kumcheka. Lakini siku ile ya pili tuliporudi mikono mitupu, alikaa kwenye kigoda chetu, akasema pole pole, "Mama Mapacha, tafadhali usidhani ni bahati mbaya. Sheria hii haijakosea njia. Imefika ilipotumwa. Banzi lilikuwa halali mpaka lilipopata soko. Siku lilipopata soko, mumeo akawa mhalifu, na hakubadilisha hata mguu wa kutangulia."

"Sasa nifanye nini, Bwana Tabaka?"

Hapo akaomba chai. Ndipo shida ya Bwana Tabaka ilipo. Ugonjwa anaujua, dawa hana.

Wapasuaji wenzake walikuwa wameahidi kuja kutoa ushahidi. Watasema desturi ni ya wote, mzee aliruhusu. Wiki ya shauri, mmoja akapata safari, mmoja akaumwa mgongo, na watatu wakaja usiku usiku kumwambia binti yangu ukweli: msimamizi amepita mashineni akiuliza kwa upole nani ana ratiba ya kwenda mahakamani, apangiwe mtu wa kudumu wa kushika nafasi yake. Binti yangu aliwapa maji ya kunywa, akawaaga. Hakuwalaumu. Alikaa akitazama mlango waliotokea.

"Mama," akasema, "mlango hauogopi kufukuzwa kazi."

"Eti nini?"

"Nitaupeleka mlango. Hakimu hajui banzi ni nini. Anasikia mali ya kiwanda, anadhani ni mbao za kujengea maghorofa. Akiuona atagundua mwenyewe. Tena una rangi."

Rangi ni hivi: gogo likishachunwa, kiwandani hupigwa mistari ya buluu ubavuni kwa urefu, lijulikane ni lao. Kwa hiyo mabanzi mengi hubaki na mstari wa buluu mgongoni, na nyumba zetu ukizitazama kwa mbali zina michirizi ya buluu kama daftari la shule. Hakuna aliyewahi kujishughulisha kuifuta. Tuliona inapendeza.

"Mwizi angefuta rangi," binti yangu akasema. "Mwizi anaficha. Sisi tumeiweka mbele, barabarani, walinzi wanapita na msimamizi anapita. Si ndiyo ushahidi huo?"

Mimi nimeishia darasa la saba. Niliona maneno yake yamenyooka kama rula. Bwana Tabaka naye akaona hivyo, na yeye amesoma vitabu. Sote tulikuwa tunahesabu kwa hesabu za mtaani, kwamba anayefanya jambo waziwazi ni mwaminifu.

Asubuhi ya shauri tuling'oa mlango. Bawaba zilikuwa zimeshikwa na kutu, zikang'oka na vipande vya mti. Ni mlango aliotengeneza Nane kabla watoto hawajazaliwa, mabanzi matano, migongo nje, na komeo la mbao. Ulipotoka, nyumba ikabaki imeachama kama kinywa cha mgonjwa kwa daktari. Watoto wa jirani hawakukawia:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango!"

"Yai!"

"Hapana! Kwa akina Mapacha!"

Nikawacheka, na mimi. Ungefanyaje?

Binti yangu alishika mbele, Bwana Tabaka nyuma, mimi nikabeba watoto mmoja mgongoni mmoja mkononi. Barabarani watu walitupisha. Mwanamke mmoja alitupa pole akidhani tumefukuzwa nyumba. Fundi viatu akapaza sauti, "Mnahama kidogo kidogo?" Bwana Tabaka alijaribu kueleza kwamba hili si suala la kuhama, ni suala la...

"Bwana Tabaka," binti yangu akamkata, "beba mlango. Tabaka utalieleza tukifika."

Mahakamani askari wa mlangoni alikataa. "Mama, hapa hawaruhusu silaha."

"Hii ni silaha?"

"Ikimwangukia mtu je?" Akauzunguka, akaubishia hodi kwa kidole, akajicheka mwenyewe. Kisha akasema haya piteni. Lakini mlango ulikataa kupita mlangoni. Ulikuwa mpana kuliko wa serikali. Ikabidi ulazwe ubavu, uingie kama mgonjwa kwenye machela, na watu wote waliokuwa kwenye mabenchi wakasimama.

Tulikaa, tukasubiri. Feni ilikuwa imekufa na hakimu alijipepea kwa jalada la faili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafua, na kila baada ya shauri moja alifuta pua, akasema, "Lingine." Kwa kukosa la kufanya nikawa natazama miguu ya wanaopanda kizimbani. Kandambili. Kandambili. Miguu mitupu. Kiatu kimoja cha mpira kimefungwa kwa waya. Kijana mmoja kosa lake lilikuwa uzururaji: alikutwa amekaa mahali ambapo hana shughuli, na alipoulizwa kwa nini hakuwa kwake akasema hana kwake, na hilo ndilo likawa kosa. Asubuhi nzima sikuona kiatu kinachong'aa kikipanda pale. Vinavyong'aa vilikuwa upande wa pili wa meza.

Nane akaitwa. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu. Alipouona mlango wake umelala pale chini ya bendera, alistuka kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Mlinzi ndiye aliyetoa ushahidi kwanza. Alisema yote kweli: saa ya king'ora, mzigo, begani, getini. Hakimu akamwuliza Nane kama ana swali.

"Ninalo moja, Mheshimiwa." Akamgeukia mlinzi. "Kijana wangu, hujambo?"

"Sijambo, Baba Mapacha. Shikamoo."

"Hapa si mahali pa kuamkiana," karani akasema.

"Marahaba. Nyumba yako umeijenga kwa nini?"

Mlinzi akatazama dari. "Kwa... kwa mbao."

"Mbao gani?"

"Mbao zilizopatikana."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza, akasema nyumba ya shahidi haijashtakiwa. Basi mlinzi akashuka, jasho limemlowesha kola, na alipopita karibu nami akasema chini chini, "Bibi, nifanyeje?" kama vile mimi ndiye niliyemwajiri.

Ndipo binti yangu akapanda. Alieleza vizuri. Sijawahi kumsikia akieleza vizuri vile. Alimwonyesha hakimu mgongo wa banzi, ulivyopinda, akasema mtu hawezi kuiba kitu cha hivi, ni kama kuiba maganda. Akaonyesha mstari wa buluu. "Tungekuwa wezi, Mheshimiwa, tungeifuta hii. Iko hapa miaka yote, inatazama barabara."

Mwendesha mashtaka akasimama. Kijana mpole, sauti ya kubembeleza. "Mama, hongera, mlango mzuri. Nani aliutengeneza?"

"Mume wangu."

"Kwa mabanzi ya kiwanda?"

"Ndiyo. Alama si hiyo?"

"Naiona. Aliyaleta lini?"

"Zamani. Kabla sijajifungua mapacha."

"Na kuta za nyumba?"

"Kuta pia. Zote!" Alisema kwa fahari, mwanangu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile alikuwa amenyoosha mabega.

"Na majirani zenu, nao ni hivyo hivyo?"

"Mtaa mzima. Nenda kaangalie. Hatujaficha."

"Ahsante sana, mama." Akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, naomba mlango huu upokewe kama kielelezo cha upande wa mashtaka. Unaonyesha kwamba mshtakiwa hakuteleza mara moja. Ni tabia yake ya miaka mingi."

Nilisikia pacha mgongoni akinyonya kidole. Binti yangu alibaki ameunyoosha mkono kwenye ule mstari, hajui aushushe au auache. Bwana Tabaka alifumba macho.

Karani akaja na kikaratasi chenye uzi, akakifunga kwenye komeo.

Hakimu alipumua puani, ile pumzi ya mafua. Alisema amesikia habari ya desturi. Lakini desturi haina saini, na aliyeruhusu ni marehemu, na marehemu haitwi kutoa ushahidi. Mali ni ya mwenye nayo, hata akiichezea au kuichoma moto. Je, mshtakiwa ana la ziada kabla mahakama haijaamua?

Nane aliinua mkono wa kushoto, akauweka juu ya ukingo wa kizimba. "Mheshimiwa, vidole vyangu viwili vilibaki kiwandani. Sikuvitoa kwa ruhusa. Navyo ni mali ya nani?"

Hakimu akautazama mkono. Aliutazama kweli, siwezi kumsingizia. "Hilo," akasema, "ni shauri lingine. Hilo ni la madai. Ulipaswa kulifungua wakati ule, na sasa muda wake umepita." Akaandika. Kisha akasema mahakama imemtia hatiani.

"Kwa kosa lililorudiwa kwa miaka, ningekupeleka ndani," akaendelea. "Lakini nimemwona mkeo na nimewaona watoto. Mtu akijutia kosa lake, mahakama nayo ina moyo. Unajutia?"

Kumbe kazi yote ilikuwa inarudi pale pale, kwenye lile neno la kituoni. Nane akakaza midomo. Aliutazama mlango wake uliofungwa uzi kama mbuzi wa mnada, akatutazama sisi. Miezi yote binti yangu alimbembeleza aseme, na siku ile aliyokuwa anaombwa na hakimu mwenyewe, hakufungua kinywa. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatikisa kichwa, na mpaka leo sijui kama alikuwa anamwambia usiseme, au alikuwa anajikataa mwenyewe kwa alichofanya.

Pacha aliyekuwa mkononi mwangu, yule aliyesahau, akauliza kwa sauti, "Bibi, yule nani?"

"Nimekosa," Nane akasema.

"Sema kwa sauti, karani aandike."

"Nimekosa, Mheshimiwa. Niliiba. Najutia."

Akapewa kifungo cha nje. Atafanya usafi na ukarabati hapo hapo mahakamani kila wiki: mabenchi yao yamelegea miguu na wamesikia ni mtu wa mbao. Kiwandani asirudi. Kielelezo kibaki stoo.

Tulirudi bila kitu cha kubeba zaidi ya watoto, na njia ikawa ndefu kuliko tulipobeba mlango. Nane alimchukua yule mtoto aliyemsahau. Mtoto alikaa mikononi mwake ameukaza mwili kama amebebwa na mgeni, kisha akachoka, akalala. Fundi viatu akauliza, "Mmeuza?" na Bwana Tabaka akamjibu kwa mkono tu.

Tulipokaribia mtaani, jua likiwa bado halijazama, tukasikia sauti. Kwaru, kwaru, kwaru. Nilidhani kuna ujenzi. Tukapinda kona, tukaona. Mtaa mzima ulikuwa nje. Wanawake wana visu vya jikoni, wazee wana vipande vya chupa, watoto wana mawe. Wamegeukia kuta zao, wanakwangua rangi ya buluu. Habari zilikuwa zimekimbia kutupita, kwamba Mama Mapacha ameulizwa kuhusu majirani na amesema mtaa mzima, nendeni mkaangalie.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hakugeuza hata kichwa. "Karibuni," akasema huku anakwangua. "Si mngepeleka na paa langu?"

"Dada," binti yangu akaanza, "mimi nilitaka..."

"Najua ulichotaka. Nipishe, jua linazama."

Kuta zile nimezizoea maisha yangu yote. Sasa zilikuwa na makovu meupe meupe, kila nyumba, na watu walikwangua wakichungulia barabarani. Siku zote hizo sijawahi kuona mtu wa kwetu akichungulia barabarani. Bwana Tabaka alisimama, akafungua kinywa, nikasubiri lile neno lake. Halikuja. Akaenda kwake akatafuta kisu.

Kwetu palikuwa wazi kama tulivyopaacha. Kuku walikuwa wameingia, wamelala kitandani. Binti yangu aliwafukuza, akatundika shuka penye mlango, kisha akachukua kisu na yeye akasimama mbele ya ukuta. Hakukwangua. Alisimama nacho tu. Nane akamwambia, "Kiweke, mama. Pumzika." Kisha yeye mwenyewe akakaa chini kwenye kizingiti, mtoto amelala begani.

Ndipo akaja mlinzi. Alikuwa amevua sare, kifua wazi, vumbi la buluu limemjaa kwenye nywele za mikono. Alisimama mbali kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Baba Mapacha," akasema. "Pole. Mimi... kisu hakitoi. Ukuta wangu rangi imezama ndani. Nilikuwa nauliza kama una randa."

Nilisubiri atukanwe. Haki ya Mungu ningemtukana mimi, kama pumzi ingekuwepo. Nane akanipa mtoto, akainua shuka, akaingia, akatoka na randa yake ya mkono, ile yenye kishikio kilichong'aa kwa jasho. Hakumpa. Alipita mbele yake, akaenda mpaka kwenye nyumba ya tatu, mlinzi akimfuata nyuma, na mimi nikawafuata wote wawili maana mtoto alikuwa ameamka na anamtaka.

Mke wa mlinzi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, tumbo mbele yake, jiwe mkononi. Akataka kuinuka kuamkia, Nane akamzuia kwa ishara. Akaupapasa ukuta, akatafuta njia ya mti kwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto.

"Ulikuwa unakwenda kinyume," akamwambia mlinzi. "Ndiyo maana inazama. Fuata nyuzi. Hivi." Akavuta mkono, na ganda jembamba la mti likajikunja, buluu kwa nje, nyeupe kwa ndani, likaanguka miguuni pao. Akaendelea na banzi la pili, na la tatu. Mlinzi aliyaokota maganda na kuyasukumia kwenye moto mdogo aliouwasha.

"Na kwako je?" mlinzi akauliza hatimaye, bila kumtazama. "Nikusaidie kwako?"

"Kwangu wameshapaona," Nane akasema. "Nishikie hapa juu, pasitikisike."